Mstari Usiomhusu Mtu wa Miaka Kumi na Saba

Bi Géraldine Cyr anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2014, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya misaada ya masomo ya chuo chetu, hapa bondeni mpakani na Kanada. Aliajiriwa mwaka 1983 kama mpiga chapa wa wiki sita. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba wiki sita zimekwisha.

Mwaka ule sheria ilikuwa mpya: mwanamume asiyejiandikisha kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini hapati msaada wa serikali. Bi Géraldine akapewa tangazo la dirishani alipige chapa: "Kila mwanamume alete uthibitisho wa kujiandikisha." Lilikaa hapo miaka kumi na mitano. Wavulana ambao hawajatimiza miaka kumi na minane walitumwa posta, ambako ndiko watu hujiandikisha, na huko wakaambiwa bado wadogo. Wengi hawakurudi, walikwenda kwenye mashamba ya viazi au viwanda vya mbao. Amesema mara kadhaa kwamba majalada yao aliyafungia kabatini kwa mkono wake, bila kuuliza.

Agosti 1998 alikuja Lucien Sirois, mwenye miaka kumi na saba na miezi saba, aliyerushwa darasa shuleni. Alikuwa amepata kiti katika darasa la uuguzi, lenye nafasi kumi na sita tu. Msaada wake ulitakiwa uthibitishwe kufikia Ijumaa ya wiki ya pili ya masomo, la sivyo kiti kingepewa anayefuata. Kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye daftari, hakuruhusiwa kuingia darasani. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, uliokuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto, akiandika kila alichosikia. Bi Géraldine alimpita hapo siku tatu mfululizo.

Alhamisi asubuhi na mapema Lucien alifika dirishani na baba yake, Réal, mkulima wa viazi. Walikuja na kadi ya posta iliyokwisha kujazwa, mwaka wa kuzaliwa umerudishwa nyuma mmoja.

"Mwaka mmoja tu, mama," alisema Réal. "Sisi kwenye viazi hatugombani kwa gunia moja bovu."

"Viazi havifungwi jela, Réal. Lete hapa." Akaichana. "Na wewe, kijana, cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Nyumbani, ndani ya Biblia ya bibi."

"Sasa unanitazama nini? Kimbia!"

Lucien alipotoka, Réal aliinamia dirisha. "Akikosa, nitakuwa naye mavunoni. Nisikufiche, mama, sitalia."

Bi Géraldine aliandika barua ya nusu ukurasa ya kuambatana na cheti: sheria inawadai wanaume kuanzia miaka kumi na minane, huyu ana kumi na saba, akitimiza, atajiandikisha. Mkurugenzi wa ofisi wa wakati ule alikataa kutia saini, akaelekeza kidole kwenye tangazo.

"Hilo nimelipiga chapa mimi, bwana," alimjibu. "Sheria yenyewe hii hapa. Nionyeshe mstari unaomhusu mtu wa miaka kumi na saba."

Mkurugenzi alisoma tangu saa tatu asubuhi. Saa saba mchana alitia saini. Ijumaa Lucien aliingia darasani.

Tangazo likabadilishwa. Kuanzia hapo, kila mvulana aliyeanza chuo akiwa na miaka kumi na saba alipigiwa simu asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa: "Hongera, umekuwa mtu mzima. Nenda posta kabla ya keki." Vijana mia moja arobaini na watatu walipigiwa, na hakuna aliyepoteza msaada. Babu mmoja, wajina wa mjukuu wake, alipokea simu hiyo na akaenda posta kweli.

Bonde letu halina kazi za kuwatosha waliosoma, kwa hiyo wengi waliondoka. Lucien alikwenda Arizona mwaka 2006. Kila vuli Réal huja na mfuko wa viazi na kuuliza, "Yule mwizi wa watoto yupo?"

"Yupo," hujibu Bi Géraldine mwenyewe. "Mwanao amepiga simu?"

"Jumapili."

"Basi hajaibiwa."

Na Réal haondoki upesi.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, Bi Géraldine alikataa saa ya ukutani. Hajawahi kumwona hata mmoja wa vijana aliowapigia simu akiwa kazini, alisema. Aliomba tuwaandikie wale mia moja arobaini na watatu, tuwaulize kama wangependa kutembelewa. Sitini na mmoja wamejibu. Ataanzia Arizona, kwa gari lake. Réal, ambaye hajawahi kwenda mbali kuliko Kanada ng'ambo ya mto, ameomba kiti cha mbele.

Bi Géraldine, tunakushukuru kwa majalada uliyoyafungua, na hata kwa kutotuficha yale uliyoyafunga. Tunakuombea afya, barabara kavu na abiria asiyelalamika. Jibu la Lucien lilikuwa la mstari mmoja, nasi tunakukabidhi kama lilivyo: "Mwambie baba kitanda chake kimetandikwa tangu mwaka 2006."