Aubin na Mashine Zake Zote

Kijiwe chetu cha Murara, hapa Goma, ni ubao uliolazwa juu ya mawe meusi ya volkano ya 2002, pembeni ya nyumba ambayo volkano hiyo iliimeza mpaka madirishani. Mama Émérance huweka termosi zake hapo asubuhi, na wenyewe tunafika mmoja mmoja. Kuna Directeur, mkuu wa shule mstaafu ambaye bado anatuona sote kama darasa lake. Kuna Satellite, fundi wa simu, anayejua kila kitu kilicho hewani. Kuna Volcan, muzee wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ambaye kwake miaka haina namba, ina milipuko tu. Na kuna mimi, nisiye na kazi tangu vita iingie mjini mwezi wa kwanza. Mwisho wa ubao, upande wa ukuta, pako wazi. Hapo ni pa Aubin, fundi wa kompyuta wa hospitali. Bila Aubin, anayejua neno la siri peke yake, mashine ya hospitali yenye fishi za wagonjwa wote haiamki, na bila mashine hiyo daktari hathubutu kumtibu Gisubizo, mtoto wa Mama Émérance. Basi siku ile, kama siku zote za mvua hii, tulikuwa tunamngoja Aubin arudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda.

— Docteur amesema nini leo? Directeur aliuliza.

— Sawa jana, Mama Émérance akajibu huku akimimina. Anasema: mama, kuko dawa moja ilitaka kumuua huyu mutoto mwaka wa volcan. Jina yake ni gani? Sasa mi najua nini? Najua ilikuwa sindano. Mutoto akavimba uso, pumzi ikapotea. Bakaandika jina mu machine. Docteur anaogopa kumurudishia ile ile.

— Na machine?

— Imelala. Mi nawauliza ninyi, kila siku mi nawauliza: ile machine iko nini hata?

Satellite akaweka kikombe chini. Swali hilo ndilo chakula chake.

— Mama, ile si machine moja. Ni machine mingi yenye iko ndani ya moja. Kuko ya maternité, ya bazazi, kuko ya labo, ya kupima damu, kuko ya pharmacie, ya dawa. Haina tena mwili, lakini inafanya kazi. Moja ikigonjwa, ingine haijue hata.

— Kitu haina mwili inafanya kazi aje? Volcan akasema. Mi natafuta mwili ya kusukuma chukudu, siione.

— Muzee, si ulikuwa hapa?

Alikuwepo, nasi tulikuwepo. Zamani kila idara ya hospitali ilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa na mtu wake. Volkano ilipotoka 2021, watu wakakimbilia Sake, kila mmoja na mashine yake kichwani kama godoro. Nyingine zilianguka njiani, nyingine zilinyeshewa, nyingine hatukuziona tena. Aubin ndiye aliyekusanya zilizobaki. Akachota yaliyokuwa ndani yake na kuyaingiza yote katika mashine moja kubwa, iliyokaa ndani ya chumba chenye kufuli. Wingu la nyumbani, akaiita, lisilolala kwa jirani. Siku volkano itarudi, alituambia hapa hapa kwenye ubao, tunabeba moja tu. Wale watu wengine wa kompyuta wakaagwa, maana sasa kazi yote ilitosha kwa mtu mmoja. Hospitali ikafurahi sana. Na sisi tulifurahi, tukagombania kumlipia kahawa.

— Ya labo mi ndiye nilibeba, Volcan akasema. Ku chukudu. Ilianguka Mugunga.

— Uliangusha.

— Ilianguka yenyewe. Dunia ilikuwa inatetemeka, Directeur! Kila kitu ilikuwa inaanguka.

— Tuache labo, Satellite akasema. Mi najua machine iko wapi. Ile yenye haina mwili unaweza kuihamisha, nayo inaendelea tu na kazi. Aubin alinionyesha. Anakamata pharmacie, anaituma mu machine ingine, pharmacie haijue kama imehama. Basi ameivusha. Hospitali yote iko Gisenyi, iko inafanya kazi.

— Na bagonjwa gani? Directeur akauliza.

— Ba kule. Pengine saa hii docteur wa kule ako anasoma fishi ya Gisubizo, anajiuliza huyu mutoto ako wapi.

— Basi amwandikie wa huku! Mama Émérance akafoka, na termosi ikagonga jiwe. Jina ya dawa moja tu! Moja!

Mvua ilikuwa imeanza kuchezea bati la duka la jirani. Volcan akamgeukia Satellite.

— Hapana. Mi nasema ilibebwa. Bale ba bunduki balipoingia, kitu gani hawakubeba? Yenye iko mu chumba ni sanduku. Ya kweli iko Masisi, juu ya mulima. Ile labo ndani yake inapima damu ya ng'ombe.

— Na current ya Masisi inatoka wapi? Satellite akauliza.

— Si munasema ni wingu? Wingu inalipaka pesa ya current?

Directeur akainua kidole, kama mbele ya darasa.

— Ninyi hamusikilize somo. Aubin ni mutu wa kurahisisha. Machine zilikuwa nyingi, akafanya moja. Batu balikuwa wengi, akabaki peke yake. Mutu sawa ule hasimame njiani. Ameondoa hata ile moja. Yote iko mu kichwa yake. Anafika frontière, pale mpakani, banamuuliza uko na nini, anasema sina kitu. Kumbe amebeba maternité, pharmacie, na chumba cha maiti.

Mwezi wa kwanza tulizika haraka, bila majina, na mpaka leo mtu akitaja chumba cha maiti kila mmoja anatazama viatu vyake.

— Atarudi, Satellite akasema. Amevuka tu.

Neno hilo mgeni hawezi kulielewa. Goma, mtu asipoonekana, tunasema amevuka. Volkano ya 2002, tulivuka. Waasi wa 2012, tulivuka. 2021, wengine Sake, wengine wakavuka. Na kila mara watu walirudi na magodoro yao, wakifoka juu ya bei za Gisenyi. Kwa hiyo tunalisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema mvua itakatika. Mimi nalipenda neno hilo, maana limenilaza usingizi mara nyingi.

Ndipo mama mmoja akatokea upande wa barabara, kitenge kimelowa, viatu vya plastiki vimejaa tope. Akatusalimu kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja mwisho wa ubao, akaketi.

— Mama, unisamehe, Émérance akasema. Hapo kuko mwenyewe.

— Najua, mwanangu. Aliniambia: mwisho ya ubao, upande ya ukuta. Mi ni Nyiransengimana. Mama ya Aubin.

Tukasimama sote. Directeur akavua kofia. Mama Émérance akamshika mkono, akasahau hata kumpa kahawa.

— Yesu asifiwe! Mama, ako wapi? Amerudi? Umwambie mutoto wangu ako anamungoja. Dakika moja tu, aamushe machine, asome jina, aende kulala.

— Arudi kutoka wapi?

— Gisenyi, mama.

Mama yule mzee alitutazama mmoja mmoja.

— Gisenyi ndiko natoka, akasema. Kwa dada yangu. Tuko kule tangu vita ilishuka Rutshuru. Kila mara akivuka, ni pale anafikia. Safari hii hatukumuona. Tukasema: ule hawezi kuacha machine yake, amebaki analinda hospitali.

— Na simu? Directeur akauliza.

— Haipite. Tukasema Goma hakuna current.

— Sie tulisema amekamata laini ya Rwanda, Satellite akanong'ona.

Mvua iliongezeka, na hakuna aliyesogea chini ya bati. Yule mama hakulia. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta njia.

— Sasa, banangu, nani alimuona anavuka?

Satellite akamtazama Directeur.

— Mi nilisikia kwa Directeur.

— Mi nilisikia kwa Mama Émérance.

— Mi kwa Muzee Volcan, Émérance akasema. Muzee? Si ulisema ulimuona?

Volcan alikuwa anakipapasa kikombe kilichokwisha zamani.

— Nilimuona. Siku robinet za maji zilikauka mji muzima, bado risasi zinalia. Alitoka hospitali na bidon, ile dumu ya manjano, akashuka Kituku kutafuta maji. Hakupita tena. Mi nikasema... sawa kila mara. Nikasema amevuka.

Kituku ni ziwani, magharibi. Mpaka uko upande mwingine kabisa wa mji. Hilo tulilijua wote tangu utotoni.

— Mutu anavukaka na bidon yenye haina kitu? mama Aubin akauliza.

Satellite alikuwa analia waziwazi. Mama Émérance akainamisha termosi juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone machache, kisha basi. Akakiweka kikombe kile mkononi mwa yule mama hivyo hivyo, akajifunga kitenge vizuri, akamwinua. Wakaanza kushuka wawili, kuelekea Kituku, kuuliza kama kati ya waliozikwa bila majina palikuwa na mwenye dumu la manjano.