Bi Taratibu, Aliyekanda Farasi Miaka Ishirini

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi wenye farasi mliofika: maisha ya dada yetu yameandikwa na mdogo wake wa kiume, na ndiye anayewasomea. Mtanisamehe sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1959, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba dereva wa lori na mama mshona nguo. Mama alipokuwa kwenye cherehani, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Bibi mzaa mama alikuwa na mgongo mbovu. Jioni alijilaza kifudifudi kwenye mkeka na kumwita mjukuu wake amkande. "Huyu mtoto ana macho vidoleni," alikuwa akisema. "Sina haja ya kumwonyesha panapouma."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza akiwa wa pili darasani. Nyumbani uwezo ulikuwa wa kumsomesha mtoto mmoja tu sekondari, na wazazi wakaamua awe wa kiume. Hakulalamika. Kwa miaka minne alipiga pasi sare ya mdogo wake kila Jumapili. Mdogo mtu akaenda, akarudi amefeli, na dada huyohuyo ndiye aliyekuja kumwombea kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mazizini, penye farasi wa mashindano. Marehemu aliajiriwa hapo Februari 1978 kuzoa samadi na kubadilisha majani ya kulalia. Mwaka 1986 alikuja mwalimu mmoja wa kike kufundisha ukandaji wa farasi kwa miezi sita. Walianza watu kumi na mmoja, wakamaliza watatu, na marehemu akawa wa kwanza. Tangu hapo hakushika tena sepetu. Aliitwa Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo alimwambia farasi kabla hajamgusa, akamwambia na mwenye farasi kabla hajaanza kufoka.

Alipenda kuwafundisha wenye mali, hata wasiopenda kufundishwa. Aliwaambia: farasi akichechemea au akikataa kula, aanze daktari wa mifugo, mkandaji afuate. Mwenye homa hakandwi. Kidonda kibichi hakikandwi, wala uvimbe wenye moto. Aliwaambia waangalie masikio: yakilala nyuma, mkia ukapiga, ngozi ikatetemeka chini ya kiganja, hapo anasema panauma, na mkono ulegezwe. Akishusha kichwa, akalamba midomo, akapiga miayo kama mzee baada ya chakula, hapo anashukuru. Na mgongo ukirudi kuuma kila wiki, msimlaumu farasi wala mkandaji. Liangalieni tandiko.

Tandiko ndilo lililompa mume. Mwaka 1984 alilibeba moja kichwani hadi kwa fundi ngozi, akalitua mezani. "Fundi, hili tandiko lako linamuumiza farasi wangu."

Fundi akacheka. "Amekwambia mwenyewe?"

"Kila asubuhi. Wewe ukivaa kiatu kinachobana utanyamaza?"

Fundi alilifumua tandiko mbele yake na kukuta pamba imejikunja fundo upande mmoja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti wawili. Shemeji yupo hapa mbele yenu. Tangu siku ile hajawahi kubishana naye juu ya mgongo wa farasi.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya watu waliniomba nipite haraka. Sitapita.

Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2006, marehemu aliitwa kumkanda farasi jike wa kijivu aliyekuwa akimbie Jumapili. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mtunzaji wa farasi huyo, na ndiye aliyemshika kamba. Marehemu aliteremsha kiganja kutoka begani hadi chini ya goti la mguu wa mbele wa kushoto, akakiacha hapo. Farasi akauvuta mguu. Marehemu akajaribu tena, farasi akauvuta tena. Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mzee, leo simkandi," alimwambia mwenye farasi. "Mguu una moto na umeanza kuvimba. Mwite daktari, na Jumapili asikimbie."

"Nimekuita ukande, sikukuita unipangie mbio."

"Kukanda hakutibu mguu ulioumia, Mzee. Nikiuminya sasa nitauharibu zaidi."

"Wewe ni mkandaji tu, si daktari."

"Ndiyo maana nasema aitwe daktari."

Mwenye farasi aligeuka akaondoka. Jioni alimleta mtu mwingine aliyeusugua mguu ule kwa dawa ya kuchoma hadi farasi akaacha kuchechemea. Daktari hakuitwa. Jumapili, kabla ya kona ya mwisho, mguu ulivunjika. Watu wakashika turubai kuzunguka pale alipoanguka ili watazamaji wasione, kisha ukasikika mlio mmoja wa bunduki. Marehemu alikuwa amesimama kwenye uzio. Viganja vyake alivibana chini ya makwapa kama mtu mwenye baridi.

Jumanne, tarehe 15 Agosti, kamati ya mashindano iliketi. Mwenye farasi alisema mkandaji alimlegeza misuli farasi wake, ndiyo maana mguu ukashindwa kubeba. Marehemu alieleza yaliyotokea, akasema kulikuwa na shahidi. Mdogo wake akaitwa.

"Ulikuwepo Alhamisi?"

"Nilikuwepo."

"Mkandaji alikataa kazi? Alionya farasi asikimbie?"

Mdogo wake alijibu, "Sikusikia."

Nimeandika "mdogo wake" kana kwamba ni mtu mwingine. Ni mimi. Nilisikia kila neno. Dada alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, akanitazama hadi nikaangalia viatu vyangu. Walimfukuza siku hiyohiyo, na mazizi yote yakaambiwa yasimwite. Mwezi uliofuata nikafanywa msimamizi wa zizi.

Mikono iliyojua kila msuli wa farasi ilikwenda kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, miaka tisa. Nyumbani kwake hakunifungia mlango. Nilikaribishwa, nikawekewa chakula. Lakini hakuniita tena "mdogo wangu." Aliniita "bwana." "Karibu, bwana. Keti, bwana." Hamjui jinsi neno la heshima linavyoweza kukata.

Kikohozi kilianza Novemba 2015. Daktari alimuuliza amefanya kazi wapi, akatikisa kichwa: vumbi la majani makavu lilikuwa limeyachakaza mapafu kwa miaka mingi. Mwisho alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Mwezi uliopita nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia nitakwenda kwenye kamati niseme ukweli.

Alingoja pumzi irudi. "Usiniambie mimi, bwana. Mimi nilikuwepo."

Nilimwomba msamaha. Akageuza uso ukutani. Nataka mjue hivyo, msije mkasema tulipatana. Hatukupatana.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2017, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mkubwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Jana nilipeleka barua kwa kamati pamoja na funguo za zizi. Katibu aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza, "Sasa hii itamsaidia nani?" Mwenye farasi ametuma shada la maua, lile kubwa pale. Familia imeamua lisiwekwe kaburini.

Nanyi wenye farasi mlio hapa: mkandaji akiondoa mkono wake na kuwaambia "leo hapana," hiyo nayo ni kazi mliyomwitia. Msikilizeni.

Marehemu ameacha mgane, binti wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja. Binti yake mkubwa aliisahihisha karatasi hii kabla haijachapwa. Mimi alinitoa kwenye orodha, kisha akanirudisha kwa kalamu, mwisho kabisa, pembeni.

Apumzike, dada yetu, kwa amani ambayo sisi hatukumpa.