Titi la Nyama ya Mgongo Wangu

Wanangu, sogeeni kitandani mnisikilize, maana sista amekwisha kunichoma sindano ya kwanza na ulimi utakuwa mzito sasa hivi. Wewe pia, Léopold, acha kutazama magari ya Mbarara pale dirishani. Bado sijawa maiti.

Nikiamka, maagizo haya myasahau. Nisipoamka, shamba la kambini Nakivale mlilime pamoja, msiligawe. Mkiligawa kila mtu atapata fasi ya kusimama tu. Cherehani ni ya Sidonie, kwa sababu ndiye anayejua kuitia mafuta. Mbuzi ni wa Pacifique, pamoja na kazi ya kuwafukuza kwenye mihogo ya watu. Jirani yetu Ancilla mwambieni nimemsamehe, ingawa si yote, kwa kulisimulia kanisa zima habari ya titi langu la mtama.

Mnacheka! Ninyi hamkulivaa. Waliponikata titi la kushoto kwa ajili ya kansa nilijishonea mfuko wa kitenge, nikaujaza mtama, nikautia ndani ya sidiria, na wanakwaya hawakujua kitu. Kisha nikanyeshewa nikitoka soko la Kikagate, nikautundika nyuma ya mlango bila kuuanika, na Jumapili nikauvaa kwa haraka gizani. Katikati ya wimbo Ancilla akaona majani yananichungulia shingoni. "Mama Léo, we unalima mpaka fasi hiyo?" Nilicheka kuliko wote, lakini nilichoka. Upande mmoja mzito, mwingine mwepesi, bega linavutwa, na kila nikiinama kupalilia lazima nishike kifua kwanza. Ndiyo sababu niko hapa. Si kwa ajili ya mwanamume. Baba yenu tulimzika Fizi, na hadai kitu.

Léopold, tangu mvua zianze hunisemeshi, ila neno moja: "Mama, unaenda kuamusha ile ugonjwa." Sikulidharau. Nililipeleka kwa daktari kama ulivyolisema. Akanijibu kwamba ugonjwa walikwisha kuutoa na dawa nilizimaliza. Kutengeneza titi hakuuiti urudi, na kutolitengeneza hakuuzuii. Nitaendelea kupimwa vilevile. Wala hawanipi titi la marehemu, kama Pacifique alivyoogopa. Watachukua kipande cha nyama na ngozi hapa mgongoni, wakipitishe chini ya kwapa, wakikunje kifuani na kukishona. Kwa wanawake wengine hutumia nyama ya tumbo. Akalitazama tumbo langu lilivyokonda, akanionea huruma. Titi hilo jipya huenda lisisikie mkono wala baridi, halitatoa maziwa, na litakuwa na makovu. Yote hayo nimeyakubali. Kwa majuma kadhaa sitashika jembe wala dumu la maji. Mtabeba ninyi, na hilo ni agizo, si ombi.

Kisu sikiogopi. Naogopa kuingia mle ndani huku mtoto wangu wa kwanza amenipa kisogo. Mgongo huu ndio uliokuvusha mpaka tulipokimbia, Léo, nawe ukaukojolea njia nzima. Leo nimeutafutia kazi nyingine, basi. Ukiwa bado unakasirika, kasirika ukinitazama. Nipe neno, hata dogo.

Sista, subiri kidogo, usisukume kitanda bado... Léo amesema nini? Sema kwa nguvu, dawa imenijaa masikioni. Eti atasukuma yeye? Mwachie, sista, mwachie. Hapana, hajasomea, lakini amebeba magunia ya mahindi tangu utoto, mimi siyashindi uzito... Polepole, Léo, hii si bodaboda ya Kakoba. Sidonie, uji uwe mwepesi. Pacifique, futa pua.

Mungu awatunze, wanangu. Awape amani nyumbani, awape mavuno, awape... nimesahau... awape yale ambayo... Léo, uso wako umevimba, ulikuwa unalia? Haya. Vizuri.

Sukuma, papa, mwanangu... sukuma.