Tiki Nilizompa Baba

Mheshimiwa mkuu wa kituo chetu cha lugha, mwalimu wetu wa Kihispania, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu wa ngazi ya kwanza, na wewe Baba, uliyeketi safu ya tatu umekumbatia cheti kama mtoto mchanga: shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Kama nimeruka cheo cha mtu, anisamehe. Herufi za karatasi hii zinahamahama.

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wahitimu kwa sababu nilipata alama tisini na moja. Sijui nani aliamua kwamba mtu akijua kuandika basi anajua na kusimama mbele za watu. Shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili nanyamaza. Hii ya tatu nisingekuja kuisoma kabisa, ila Baba alikataa kuja peke yake. "Mzee mzima nikakae na watoto, nichekwe?" alisema. "Twende wote, mama. Utanishika mkono."

Wengi mnamjua. Ni fundi wa kuchomelea, na mageti ya nusu ya mtaa huu yamepita mikononi mwake. Amepata mkataba wa miaka miwili kwenye karakana ya meli, nchi ya mbali, kwa sharti moja tu: awe na cheti hiki. Basi akajifunza kwa namna yake. Neno jipya aliliandika kwa chaki juu ya chuma. Akishalishika, analipitishia moto na kwenda kwenye lingine. Siku moja akasahau, geti la mama mwenye duka la dawa likafika kwake limeandikwa tengo hambre.

"Fundi, hili jina la nani kwenye geti langu?"

"Samahani mama, maana yake 'nina njaa'."

"Si ungesema tu! Mpaka uniandikie kwa lugha ya watu?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia, na ukiniuliza kwa nini, sijui. Tangu mkataba ule ufike, nimekuwa mtu wa kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kama mvua inayonyesha na jua likiwaka.

Sasa ninafika mahali pazito. Kila jioni Baba alinipa daftari lake nimsahihishie. Alikuwa anakosea, tena sana. Na mimi, pa kuweka mkasi, ile alama ya kosa, nikaweka tiki. Niliwaza hivi: asiyejua kwamba amekosea hatajirekebisha, asiyejirekebisha hatafaulu, na asiyefaulu haendi popote. Je, huo ni upendo au ni uchoyo? Ndugu wageni waalikwa, nawauliza kwa dhati. Kama ni upendo, mbona alipowaonyesha wateja daftari, "Oneni, tiki tupu!", nilitamani ardhi inimeze?

Wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu wetu aliliona daftari lile. Akaniita kando.

"Binti, hizi tiki umezitoa wapi?"

"Nimekosea, mwalimu."

"Kosa la kupitiwa huruka huku na kule. Haya ya kwako yamepanga foleni."

Hakunichongea. Alisema tu, "Rekebisha." Mwalimu, heshima uliyonipa siku ile ni kubwa kuliko makofi yote ya leo. Lakini muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya wote humu ndani, na msijifanye hamjui: tukapekua mitihani ya miaka ya nyuma, tukaona sura zinazopenda kutoka ni ya tatu, ya nne na ya sita, tukazibukua hizo tu. Nilimwambia Baba kwamba sura hizo tatu nilizisahihisha nikiwa na usingizi. "Hata mwalimu huchoka, mama," akasema, akachukua chaki, akaanza upya. Hakuuliza swali hata moja. Mnajua kunavyouma, mtu kutokukuuliza?

Alama ya kufaulu ni sitini. Baba alipata sitini na mbili. Alininyanyua juu mbele ya wateja, mimi na miaka yangu kumi na sita, akapaza sauti, "Huyu ndiye mwalimu wangu!"

Siku nne zilizopita, nikimpangia begi, nililifungua daftari. Sura ya tisa: mwili, maumivu na hatari. Haikuwa ikitoka kwenye mitihani ya nyuma, kwa hiyo hatukuigusa, na tiki zangu bado zimo. Kitabuni pana picha ya mlango wenye kibao kilichoandikwa peligro. Baba akaandika maana yake ni "karibu ndani". Nikampa tiki. Ndugu zangu, peligro ni hatari. Ndilo litakaloandikwa penye mitungi ya gesi anakokwenda. "Simama" ameiita "endelea". Kichwa amekiita tumbo. Tiki, tiki. Naye hawezi kuyatilia shaka, kwa sababu neno lenye tiki yangu alikwishalichoma.

Baba, sikuwa na usingizi. Nilikuwa macho kabisa. Siku zote hizi nne nimeshindwa kukuambia nyumbani. Hapa angalau siwezi kukimbia, mlango uko nyuma yenu. Sitaki uende. Wala sitaki ubaki unayatazama mageti ya watu ukifikiria meli. Yote mawili yamo ndani yangu yanagombana, na lipi liko juu, sijui.

Ninachojua ni kwamba leo ni Jumatano, unaondoka Jumapili, na sura ya tisa ina maneno sitini na manne. Mwalimu, naomba utuachie ufunguo wa darasa. Nawe Mama, uliyeketi ubavuni mwa Baba, chakula cha nyumbani kikipoa utatusamehe. Safari hii nitaweka mikasi, Baba, na utakasirika, na nitaiweka hivyo hivyo.

Wakubwa kwa wadogo, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho. Baba, usipige makofi. Toa daftari.