Mkono Ulioinama Kabla ya Mlio

Fundi cherehani alikuwa ameanza kusinzia ndani ya basi, mpaka dada aliyekaa kiti cha mbele yake, mlinzi wa benki, alipokunjua karatasi ya shabaha. Matundu yote yalikuwa yamejazana chini ya duara.

"Binti, bastola yako imepinda," alisema mzee aliyekaa pembeni ya dada, ingawa hata hawakujuana.

"Bastola nzima, baba. Leo kule kwenye ukumbi wa shabaha mwalimu alinichanganyia risasi bandia na za kweli bila kuniambia. Nikavuta triga, kimya! Ila mkono ukainama vilevile, kuukwepa mlio ambao haukuja. Na kesho ndiyo mtihani. Nikifeli, narudi getini na rungu."

"Mkono uogope kitu ambacho hakijatokea? Hunidanganyi."

Fundi akasogeza sikio. Umbea haukuwa tabia yake, ila kwa hili alijisamehe.

"Mkono hauniulizi, baba."

"Woga wa kike tu huo."

Kondakta akagonga bodi: "Kituoni hapo, shusha!" Mzee akadaka bomba la kushikilia kwa mikono miwili, meno ameyakaza, akingoja breki kali. Basi likateleza taratibu, likasimama bila hata kutikisika.

Dada aliitazama ile mikono. Fundi alitaka kucheka, akajikuta naye ameng'ang'ania kiti cha mbele.