Siasi Kaitak: Aliyerudisha Majibu Nyumba kwa Nyumba

Mama yetu mpendwa, Siasi Kaitak, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kambi ya majira ya baridi karibu na kijiji chetu cha Salluit, kaskazini mwa Kanada, mtoto wa tatu wa Mzee Tumasi na Mama Maata. Mwaka 1956 meli ya madaktari ilipompima Mama Maata kifua, haikumrudisha nchi kavu. Alipelekwa hospitali ya kusini, na miaka miwili ilipita kabla familia haijaambiwa kwamba alikwishafariki. Mama yetu hakulisahau jambo hilo.

Alisoma Salluit hadi 1965, kisha shule ya bweni ya Churchill, ambako alijifunza Kiingereza na kupika mkate asioupenda.

Tarehe 8 Julai 1972 alifunga ndoa kanisani humu na Juusipi Kaitak, mwindaji. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Maina.

Mwaka 1988 watafiti walikuja kuchunguza ugonjwa wa moyo unaorithiwa katika koo zetu, wakamwajiri Mama awe mkalimani. Alikubali kwa sharti moja: kila aliyetoa damu aletewe majibu nyumbani kwake, kwa lugha yake. Alijaza fomu za ukoo za kijiji kizima. Wiki ya pili daktari wao alimwita.

"Mama Maina, huyu Adami Qalingu ana miaka arobaini na moja. Mbona mama yake ana minne?"

"Ndiyo mama yake," akajibu. "Ukimkuta, umwamkie vizuri."

Mama alikuwa ameandika jinsi tunavyoitana. Mtoto yule wa miaka minne alipewa jina la marehemu mama yake Adami, na Adami alimwita mama, kama ilivyo desturi yetu. Daktari alipomweleza kwamba ugonjwa hufuata damu, si jina, Mama aliacha kucheka. Fomu zote zilikuwa na kosa hilo. Alizirudia nyumba sitini na mbili kwa miguu, kwenye upepo wa Februari.

"Siasi, umegandishwa ubongo?" Adami alimtania mlangoni. "Umekua nami, leo unaniuliza mama yangu nani?"

"Nauliza aliyekuzaa, bwana wee, si anayekudai peremende. Jibu, miguu inaganda."

Aliyemzaa alitoka katika ukoo wenye ugonjwa ule. Adami alipimwa, moyo ukaonekana una hitilafu, akatibiwa. Majibu yake aliletewa na Mama mwenyewe, akamsomea mara mbili. Tunamshukuru Mungu kwamba leo ana miaka sabini na saba na ameketi benchi la mbele.

Februari 2023 Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Huko hospitalini Montreal alidai asomewe majibu kwa lugha yetu, Kiinuktitut, akasikiliza hadi mwisho, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024 saa nne asubuhi, baada ya kuonja samaki mbichi aliyegandishwa na kulalamika kwamba ameyeyuka. Tunawashukuru wauguzi wa kituo chetu.

Ameacha mume, Juusipi. Watoto Maina, Lukasi na Ilisapi. Wajukuu tisa na vitukuu wanne. Kitukuu wa nne alizaliwa siku mbili baada ya msiba, naye amepewa jina la Siasi. Sisi watoto tunamwita Mama.

Asubuhi hii Adami alimwinamia kichanga huyo. "Haya Siasi, shikamoo. Leo unakuja kuniuliza nini tena?"

Mama tuliyemjua, Bwana ampokee na kumtuliza. Mama aliyekuja, tafadhali mpisheni karibu na jiko. Kanisani kuna baridi.