Mudathiri Likwata na Gari la Gesi la Likawage

Assalaam alaykum wafiwa na waombolezaji wote mliofika hapa Likawage. Kwa idhini ya familia, Haruna, mdogo wake marehemu, anawasomea maisha ya kaka yake.

Marehemu Mudathiri Ahmadi Likwata alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 katika kijiji cha Kiranjeranje, mtoto wa tatu wa Mzee Ahmadi Likwata na Bi Warda, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akaenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, akajifunza umakanika katika gereji za Gerezani, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 2004, alipohamia huku Likawage kulima mikorosho, akija na Corolla yake kuukuu ya petroli, ambayo muda si mrefu ikawa gari la wagonjwa la kijiji kizima.

Tarehe 14 Februari 1993 alifunga ndoa na Bi Mwahija binti Bashiru wa Kilwa Kivinje, wakajaliwa watoto wawili, Warda na Majid.

Asubuhi ya tarehe 22 Machi 2016 Warda alijifungua nyumbani mtoto wa kike, mzima wa afya, lakini damu ikakataa kukatika, na petroli ya akiba marehemu alikuwa ameiazimisha jana yake kwa jirani mwenye shida, na kijijini hapakuwa na hata ya chupa. Alihangaika kunyonya petroli kwenye pikipiki za watu, walipoondoka kwenda hospitali ya Kilwa Kivinje jua lilikuwa limeshapanda, na Warda akakata roho njiani, mikononi mwa mama yake. Bi Mwahija alipomuuliza aliyeazima ni nani, alijibu, "Yeye hakujua, mama Warda, na mimi sikujua," na jina la jirani yule hakulitaja kamwe.

Mwaka 2018 alirudi Gerezani, akajifunza kwa mafundi wa gesi, akaifunga Corolla tangi maalumu kwenye buti, pamoja na mabomba na vifaa vya kupunguza msukumo wa gesi, ili itumie gesi ileile ya kupikia, gari likakaguliwa likaruhusiwa barabarani. Alisema petroli iliyomo ndani huombwa ikaisha, ila gesi ikishaingia tangini haimiminwi kwenye chupa ya mtu, basi gari litakuwa tayari wakati wowote.

Watu waliliogopa, na Bi Mwahija kuliko wote, akasema, "Mwanangu nimeshamzika, sitaki kukuzika na wewe umeungua," akaapa hatalipanda. Marehemu hakubishana naye, aliendelea kuwapeleka wajawazito Kivinje, akiwafikisha husimama nje ya wodi mpaka asikie mtoto analia, ndipo anageuza gari kurudi nyumbani.

Kuanzia Juni 2024 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumbana, madaktari wakabaini kuwa moyo umetanuka. Tarehe 3 Mei 2025 alizidiwa, Majid akashika usukani, na Bi Mwahija, bila kuambiwa na mtu, akaingia kiti cha nyuma, akamlaza mumewe mapajani. Marehemu alimtazama, akasema, "Umepanda, mama Warda." Akajibiwa, "Nimepanda, baba Warda, usizungumze sana." Walifika mapema, madaktari wakafanya kila walichoweza, lakini alfajiri ya tarehe 6 Mei, Mola alimchukua mja wake.

Ameacha mjane, mtoto mmoja, Majid, na mjukuu, Nusaiba, ambaye ndiye yule aliyezaliwa siku ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilwa Kivinje, majirani mliochimba kaburi na kupika, na mafundi wenzake mliofika kutoka Gerezani; hatuwezi kuwataja wote, tuwieni radhi. Nusaiba ameomba tuseme hapa mbele yenu kwamba kila Ijumaa babu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele, mpaka vidole vilipovimba vikawa havikunjiki tena.

Nenda salama, kaka Mudathiri. Allah akupe kauli thabiti, na huko uliko upumue bila tabu. Amin.